Unataka kufuga koi nyumbani? Hela ya samaki ikae kwanza mfukoni

Wengi tunaanzia mwisho. Mtu kawaona koi, wale samaki wa mapambo, kwenye bustani ya hoteli, wekundu na weupe wanazungukazunguka, kesho yake anaita fundi, keshokutwa anaulizia samaki wanauzwa wapi. Na mi nilikuwa hivyohivyo. Nipo Moshi, huku Rau, nilijenga bwawa la saruji, fundi akaniambia bosi hii imeshakauka jaza tu maji, nikajaza, wiki ya pili nikaweka koi tisa wadogo urefu wa kidole. Siku ya tatu asubuhi nawakuta wanajisugua ukutani, miili imejaa ute mweupe, wengine wamepanda juu wanahema. Walibaki watatu. Saruji mbichi inatoa chokaa kwenye maji, nilipokuja kupima pH, yaani kipimo cha asidi na magadi kwenye maji, ilikuwa karibu 10 wakati koi wanataka kama 7 mpaka 8.5. Saruji kukauka kwa mkono sio kwamba samaki anaiweza.

Kwa hiyo kama ni saruji, jaza maji yakae siku kadhaa, mwaga, sugua kuta, jaza tena, hata mara tatu nne, mpaka kipimo kitulie. Au paka ile rangi ya kuziba matenki ya maji ya kunywa. Wengine wanatandika turubai nene la mabwawa, hapo chokaa hupambani nayo, ila udongo wetu una mawe makali, mwaga kwanza mchanga na mazulia chakavu chini yake.

Ukubwa ndo watu wanajidanganya sana. Hawa samaki wametokana na samaki wa kawaida wa kuliwa, wakulima wa mpunga huko Niigata, Japani, walianza kuwachagua kwa rangi kwenye miaka ya 1820. (Jirani yangu kila akipita anauliza hawa tunakaanga lini, maana kwake samaki ni perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, na kusema kweli hajakosea sana.) Huyo wa kidole unayemuona leo anafika sentimita 60 na zaidi, na akitunzwa anakaa miaka 25 au hata kuzidi. Hesabu yangu ni lita 1,000 kwa samaki mmoja mkubwa. Bwawa la mita 3 kwa 2, kina mita 1.2, ni lita 7,200, yaani simtanki saba za lita elfu, samaki saba. Usijenge beseni la kina cha goti, mchana linachemka usiku linapoa, na kuta zikiwa mteremko korongo anaingia kwa miguu kama yuko buffet. Simamisha kuta wima.

Sasa maji. Ya bomba yana klorini, inaunguza mashavu ya samaki, yaache wazi siku mbili huku pampu ya hewa inayachemshachemsha ndo uingize. Ya mfereji usiyaamini hata kama yanatoka mlimani masafi, huko juu ni migomba na kahawa, na kahawa inapuliziwa dawa za kopa ambazo kwa samaki ni sumu hata kidogo tu. Wenzetu wa Arusha wenye visima, hasa upande wa Maji ya Chai na Ngurdoto, floridi mnaijua kwa meno, lakini maji ya huko ya volkano mara nyingi yana magadi pia na pH inakuwa juu. Hilo linagusa kitu kingine kabisa: samaki anatoa amonia, taka ya mwili wake, kwa mashavu yake muda wote, na amonia ileile ambayo kwenye pH ya 7 samaki anaivumilia, ikifika 8.5 na maji yakiwa ya joto inaua. Kwa hiyo pima maji ya kisima KABLA ya kuchimba, sio baada.

Anayeiondoa amonia ni bakteria wanaoishi ndani ya filta. Wanaigeuza kuwa nitraiti, hiyo nayo mbaya, halafu nitreti ambayo haina shida sana, unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Sasa bakteria hao hawauzwi na pampu, wanachukua wiki 4 mpaka 8 kujaa, ndo maana nasema hela ya samaki ikae. Weka wawili watatu tu, chakula kiduchu, pima, ukiona amonia na nitraiti zote ziko sifuri ongeza wengine. Filta wala sio lazima ununue ya bei, pipa, sifongo na yale mawe mepesi ya volkano yenye matundumatundu, kwetu hayana kazi kuyapata, bakteria wanayapenda. Muhimu maji yote yapite humo kila baada ya saa moja au mbili. Na usiioshe filta kwa maji ya bomba, klorini inawaua bakteria wote unaanza upya, tumia ndoo ya maji ya bwawa lenyewe.

Halafu umeme. Ukikatika usiku mzima samaki wengi kwenye maji ya moto oksijeni inaisha kabla hujaamka, na Moshi joto tunalo, Februari hapa sio mchezo. Mi nina pampu ndogo ya hewa ya betri ya sola, haina nguvu ya kuzungusha maji ila inawafikisha asubuhi.

Samaki wakija, usiwamwage moja kwa moja. Elea mfuko dakika 20 joto lilingane, kisha wakae simtanki ya pembeni wiki tatu, maana mmoja mwenye wadudu anakuambukizia bwawa zima. Mle naweka chumvi ya mawe kilo 3 kwa lita 1,000, nikiigawa siku tatu.

Uzio au wavu weka siku ileile maji yanapoingia. Kenge, paka, korongo sawa, ila mi naongelea watoto, mita 1.2 ni kina cha kumzamisha mtoto wa miaka mitano. Na bomba la maji kufurika masika lisielekee mferejini, koi wakitoroka mtoni wanafukua tope na kula kila kitu.

Chakula ni kile wanachomaliza dakika tano. Juni mpaka Agosti, hasa nyie wa Arusha, maji yakishuka chini ya nyuzi 15 punguza, chini ya 10 acha kabisa, matumbo yao hayasagi. Na ukisafiri ndo hatari, mtu unayemuachia atawaonea huruma, wanakuja juu wanafungua midomo kama wana njaa ya mwaka. Kwa hiyo mi nampimia dada kwenye vifuko vidogo, siku moja kifuko kimoja, ndoo yenyewe ya chakula naifungia chumbani na funguo naondoka nayo.