Kigunduzi cha metali kikilia ovyo kwenye maji ya chumvi
Usikimbilie kuchuja (kukiambia kifaa kipuuze) sauti za foili, yaani karatasi ya alumini: pete nyembamba na mikufu ya dhahabu husomeka karibu sawa nazo, utavikosa. Punguza usikivu hatua mbili tatu, kisha sawazisha upya kifaa (kizoeshe ardhi ili kisiilie) palepale kwenye mchanga uliolowa. Shikilia kitufe cha kusawazisha huku ukiinua na kushusha sahani (sehemu bapa ya chini inayotafuta metali), sentimita 5 hadi 20 juu ya mchanga, mpaka mlio utulie. Chumvi hufanya maji yapitishe umeme, ndiyo maana kifaa huyadhania metali. Ukiingia majini, rudia kusawazisha sahani ikiwa imezama. Kifaa cha frikwensi moja mara nyingi hakitatulia hata hivyo. Chagua cha frikwensi nyingi kwa pamoja. Na uhakikishe kisanduku cha juu chenye vidhibiti nacho hakiingizi maji, si sahani pekee.