Kufukua gemu ndogo zisizotajwa, ukiwa Tanga na bando la kawaida

Mabanda ya gemu ya Ngamiani yana mpira na ngumi, basi. Gemu zilizotengenezwa na mtu mmoja au wawili wasio na kampuni nyuma yao hazifiki huko, hizo unazifuata mwenyewe.

Anzia itch.io, duka la mtandaoni lililofunguliwa 2013 ambako yeyote anaweza kuweka kazi yake. Ukurasa wa mbele uruke, maana unaonyesha zilizokwisha kupata jina. Ingia kwenye orodha, chuja za bure na zinazoendana na mashine yako, kisha panga kuanzia mpya kabisa. Karibu na kitufe cha kupakua huwa pameandikwa uzito wa faili. Ukiwa na bando la usiku, jiwekee mpaka wa MB 100. Utashangaa ni ngapi zinapita hapo. Nyingine zinaomba ulipe utakacho. Ukiweza lipa, usipoweza kuna mstari mdogo wa kuendelea bila kulipa, na ni mtengenezaji mwenyewe aliyeuruhusu.

Ila machimbo hasa ni mashindano ya kutengeneza gemu kwa muda mfupi. Ludum Dare, iliyoanza 2002, humpa mtu anayeshiriki peke yake saa 48, na timu saa 72. Washiriki hupeana alama kwa vipengele: ubunifu, sauti, hisia na kadhalika. Usiangalie washindi wa jumla. Tafuta gemu iliyopanda juu kwenye ubunifu au hisia lakini ikaanguka kwenye jumla. Mara nyingi ina wazo zuri ndani ya mwili mbovu, na hiyo ndiyo inayopitwa.

Mwenye kompyuta nzee aangalie PICO-8, programu ya kutengenezea na kuchezea gemu ndogo ndogo. Skrini yake ni nukta 128 kwa 128, rangi 16, na gemu nzima haizidi KB 32. Nyingi zinachezeka ndani ya kivinjari, kwa mishale na herufi Z na X. Celeste ya 2018 ilianza humo, ikiwa gemu ndogo iliyotengenezwa kwa siku nne. Angalizo: maendeleo yako yanahifadhiwa ndani ya kivinjari, kwa hiyo ukifuta data zake unaanza upya.

Sasa matatizo. La kwanza ni la flashi: mtu ananakili faili la .exe peke yake, akifika nyumbani gemu haifunguki. Godot na Unity ni programu za kutengenezea gemu: ya Godot mara nyingi huja na faili la .pck pembeni, ya Unity huja na folda inayoishia na _Data. Hama na vyote. Kama ni zip, itoe yote kwanza, usiifungulie humo humo. La pili ni laptop za mtumba: zenye chipu ya picha ya Intel HD 3000, za mwaka 2011 hivi, kwenye Windows zinagota toleo la 3.1 la OpenGL (mfumo ambao gemu hutumia kuchora picha), ilhali Godot 4 kwa kawaida inadai angalau 3.3. Ikigoma, tafuta zilizotengenezwa kwa Godot 3 kwa njia yake nyepesi ya kuchora, GLES2. La tatu ni onyo la Windows kwamba mtengenezaji hajulikani. Kwa gemu hizi ni jambo la kawaida, lakini pitisha faili VirusTotal, tovuti ya kukagua virusi, kabla ya kulazimisha, na usome maoni ya waliokutangulia.

Kuicheza nako kuna namna. Ipe dakika 20 bila kuangalia maelekezo ya mtu, spika zikiwa wazi. Swali ni moja: kitendo kipi kinabeba kila kitu? Chukua Downwell ya 2015. Unaanguka kisimani na viatu vyenye bunduki. Kitufe kile kile cha kuruka ndicho cha kufyatulia ukiwa hewani, na risasi zinajaa unapotua au unapomkanyaga adui. Basi kila risasi inakupunguzia kasi ya kuanguka, na inakula akiba utakayoihitaji chini. Wazee wa bao wanaijua hesabu hiyo. Ukikiona kitendo hicho, hata michoro mibaya haikusumbui. Usipokiona kwa dakika 20, funga, nenda nyingine. Hudaiwi kitu.

Ukiipenda, mwachie mtengenezaji maoni. "Nzuri sana" haimsaidii. Andika ulipokwama, mashine yako ina RAM kiasi gani, na ulibonyeza nini kabla haijaganda.