Umepata mchongo wa kuchora vibox kwenye picha za droni? Soma kabla hujasaini

Wadau, hii ni ya nyie mnaokaa na laptop Kijitonyama kuvizia kazi za dola, maana mwaka jana nilipata mchongo wa kuchora vibox kwenye picha zilizopigwa kutoka juu, ili kompyuta ijifunze kutambua vitu, nikapiga kazi wiki mbili nzima ndo nikashtuka kwamba huenda ni ya vita.

Kwanza angalia unaambiwa uchore nini. Kazi ya kilimo utaona mistari ya mikorosho, ya ramani utaona mabati na barabara. Mimi niliambiwa nizungushie kila mtu, halafu niseme kashika kitu au hajashika. Kuna mmoja kivuli chake kirefu kuliko mwenyewe, begani kama ana jembe hivi, na vitufe ni viwili tu, "ana kitu" na "hana". Sasa bwana shamba hilo analitakia nini?

Pili uliza mteja ni nani, kwa maandishi, meseji ya WhatsApp inatosha, wakisema siri basi ushajibiwa. Usione aibu, hata wa Google waliuliza: 2018 wafanyakazi zaidi ya 3,000 walisaini barua kupinga kampuni yao kushiriki Project Maven, kazi ya jeshi la Marekani ya kufundisha kompyuta kutambua vitu kwenye video za droni, na kampuni haikuongeza mkataba. Najua wao wana mshahara na wewe una kodi ya Sinza, sikuhukumu.

Tatu, na hapa ndo penyewe, jiulize huyo wa chini anaweza kujibu? Wawili wenye bunduki wakirushiana, hiyo vita. Ila mmoja yuko shambani na mwingine yuko kwenye kiti nchi nyingine anamtazama kwenye skrini, hiyo mimi sijui niiteje. Na sisi sio wageni wa mambo haya, 30 Agosti 1905 pale Mahenge wapiganaji wa Majimaji waliifuata boma ya Wajerumani wakiamini maji ya dawa, wakakutana na rashasha. Hiram Maxim alibuni rashasha yake London 1884, na sidhani kama jina Mahenge aliwahi hata kulisikia.

Sasa mtu asije akasema napinga kila kitu chenye harufu ya vita. Panya wa shirika la APOPO pale chuo cha kilimo SUA Morogoro wananusa mabomu ya ardhini, wamesaidia sana kusafisha Msumbiji, kazi kama hiyo chukua hata kwa hela ya vocha.

Na kama ushaingia? Toka tu. Mwanasayansi Joseph Rotblat alikuwa kwenye mradi wa bomu la nyuklia kule Marekani, mwishoni mwa 1944 akajua Wajerumani hawatengenezi la kwao, akafunga mabegi. Wewe usivujishe data, usitukane mtu, andika "siendelei" na udai hela ya ulichofanya, udai mapema kabla hujaaga, maana mimi niliaga kwanza, wiki ya pili sikulipwa, meseji tatu kimya, akaunti ikafungwa Ijumaa jioni nimebanwa kwenye daladala ya Mwenge.