Somo: Kumchagulia bibi kanga

Mjukuu akipata mshahara wa kwanza, zawadi ya bibi huwa kanga. Ni jambo jema sana, ila kanga inasema, na bibi ataisoma.

Hatua ya 1: Soma jina, yaani maneno ya kanga, kabla ya kutazama rangi. Limeandikwa upande wa chini wa mji, yaani sehemu ya kati, karibu na pindo la ukingoni. Majina mengi ni mafumbo. "Hasidi hana sababu" ni ya kumjibu mtu. Ukimpelekea bibi, atakesha akijiuliza umesikia nini, na wa kwanza kushukiwa ni mkamwana wake. Chagua lenye shukrani au dua. "Wema hauozi" inafaa. "Nani kama mama" inamfaa zaidi bibi aliyekulea. Maana ikikutatiza, muulize mtu mzima kwanza kabla ya kulipa.

Anayetaka kumpa heshima kubwa anunue kisutu, kanga ya arusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mara nyingi hakina maandishi, kwa hiyo fumbo halipo.

Hatua ya 2: Chukua pamba tupu. Polista huteleza kiunoni na ina joto.

Hatua ya 3: Doti, yaani jozi ya kanga, huuzwa vipande viwili vikiwa vimeungana. Mpelekee fundi akate na apinde. Macho ya bibi hayawezi tena sindano, na doti isiyopindwa huishia sandukuni.

Hatua ya 4: Mkabidhi kwa mikono miwili na umsomee jina. Ukiwa mbali, mpigie simu umsomee.

Maswali

Swali: Na babu je?
Jibu: Kikoi cha pamba, au kofia ya vito, ile iliyotariziwa. Kofia haibahatishwi: ipime ile anayoivaa kwa tepu, mzunguko wake wote. Ya kushonwa kwa mkono huchukua wiki nyingi, basi agiza mapema kabla ya Idi.

Swali: Bibi yangu hajui kusoma. Jina lina haja gani?
Jibu: Majirani zake wanajua. Siku ya kwanza tu atakapojifunga, watamsomea.

Swali: Nina bibi wawili, mzaa baba na mzaa mama. Niwanunulie sare?
Jibu: Wakipatana, sare itawafurahisha mno. Lakini usiwagawie doti moja kipande kipande. Hivyo hugawana marafiki. Kila bibi apate doti yake kamili.