Somo: Kukokotoa mkazo katika mfupa wa paja kwa kompyuta

Makosa mengi katika kazi hii ya kukokotoa mkazo, yaani nguvu kwa kila kipimo cha eneo ndani ya mfupa, hayatokani na programu, bali na mizigo tunayoubebesha mfupa. Kwa hiyo nitapita haraka hatua za mwanzo.

Hatua ya kwanza ni umbo. Tenganisha mfupa na nyama katika picha za skana ya CT, unda umbo la pande tatu, kisha uligawe katika vipengele vidogo vyenye nyuso nne. Chagua vile vya nodi 10 (nodi ni nukta za kipengele ambazo kompyuta hukokotoa msogeo wake), kwa kuwa vya nodi 4 huwa vigumu kupita kiasi mfupa unapopinda.

Hatua ya pili ni ugumu. Ganda la nje lina moduli ya unyumbufu, yaani kipimo cha ugumu wake, ya takriban gigapaskali 17 kwa urefu wa mfupa, na pungufu ya hapo kwa upana wake. Sehemu ya ndani yenye vitundu ni laini zaidi, na ugumu wake hufuata msongamano, ambao hukadiriwa kutokana na weupe wa picha.

Hatua ya tatu ni mizigo, na hapa tusiharakishe. Mtu anapotembea, kichwa cha mfupa hubanwa kwa nguvu inayozidi mara 2 ya uzito wake. Ikiwa ni mara 2.4, mtu wa kilo 70 atakuwa na takriban newtoni 1,650. Kwa kuwa kichwa hicho kimejitenga na mhimili wa mfupa, nguvu hiyo huupinda, hivyo upande wa ndani hugandamizwa na wa nje huvutwa. Ukiiweka peke yake, bila misuli ya nyonga na utepe mrefu wa upande wa nje wa paja, mpindo utaonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Mwisho, zuia ncha ya gotini, kokotoa, kisha rudia kwa vipengele vidogo zaidi mpaka jibu litulie.

Maswali ya washiriki

*Mkazo unaelekea kuwa sahihi, lakini kichwa cha mfupa hakisogei hata kidogo. Kwa nini?*

Yamkini umepima urefu kwa milimita na kuandika moduli kwa paskali. Andika megapaskali 17,000. Mkazo haukukushtua kwa sababu, mzigo ukiwa uleule, kuzidisha ugumu wa mfupa wote kwa kiwango kimoja hakuubadilishi. Ndiyo maana mimi hutazama msogeo kwanza.

*Kila nikipunguza ukubwa wa vipengele, mkazo kichwani unapanda bila kikomo.*

Umeweka nguvu kwenye nodi moja. Isambaze juu ya eneo ambalo gegedu hugusana.

*Je, kipimo cha von Mises kinatosha?*

Kipimo hicho hujumlisha mikazo ya mielekeo yote kuwa namba moja, na kinafaa zaidi kwa metali. Mfupa huhimili mgandamizo zaidi kuliko mvuto, na kipimo hicho hakitofautishi hali hizo mbili. Tazama kiasi cha kurefuka na kufupika katika mielekeo mikuu: mfupa huanza kushindwa ukirefuka kwa takriban asilimia 0.7, au ukifupika kwa takriban asilimia 1.