Kuchoma kauri ya PZT bila kupoteza risasi

Juzi mdogo wangu wa maabara aliniletea vidonge vya PZT, kauri ya oksidi za risasi, zirkoni na titani, vilivyopauka pembezoni, vikikwaruzwa vinapukutika. Risasi, yaani ile metali, ilikuwa imepaa kama mvuke. Nimeona niandike tunavyofanya.

1. Poda. Changanya oksidi hizo, saga, choma 850°C kwa saa 2, saga tena. Ongeza oksidi ya risasi, asilimia 1 ya moli. Huyeyuka 888°C, na majimaji yake husaidia chembe kusogeleana na kushikana. Ukiizidisha, inabaki kwenye mipaka ya punje, zile fuwele ndogo zinazounda kauri.

2. Gandamiza, kisha unguza gundi inayoshikilia poda, polepole hadi 600°C.

3. Chungu. Hapa usiwe na haraka. Pima kila kidonge hadi miligramu, uandike. Tandaza poda ya PZT ileile chini ya vidonge. Usiviweke juu ya alumina (oksidi ya alumini) tupu, risasi huila. Poda hiyo ndiyo inayojaza chungu mvuke wa risasi ili vidonge visitoe wa kwao, kwa hiyo chagua chungu kidogo kabisa kinachotosha. Funika, kisha fudikiza chungu kikubwa juu yake na uzibe ukingo kwa poda ya alumina. Poda ya kutandaza huchoka: nilirudia ileile mara nyingi mno, nikapoteza wiki mbili nikilaumu tanuri. Siku hizi naibadilisha kila baada ya michomo mitatu.

Ukitoa vidonge, pima tena. Uzito uliopungua ukizidi ile ziada uliyoongeza, risasi imetoka ndani ya punje zenyewe, na zikonia (oksidi ya zirkoni) huanza kujitenga. Uzito ukiongezeka, kidonge kimenyonya risasi ya poda. Mimi naiamini mizani kabla ya hadubini yoyote.

4. Panda digrii 5 kwa dakika hadi 1250°C, shikilia saa 2. Kwanza shingo, yaani viungo vyembamba, huota kati ya chembe, kisha vitundu hufungika, mwishowe punje kubwa humeza ndogo. Wanaoshikilia saa 8 wakitafuta uzito wa ujazo hukosea: punje ikikua mbio huacha vitundu tumboni mwake, na huko havitoki tena.

Tanuri likae chini ya feni ya kufyonza hewa, nawe unawe mikono kabla ya chai. Risasi ni sumu.

5. Ng'arisha, rudisha kwenye chungu kilekile chenye poda, 1150°C kwa nusu saa, ndipo utazame kwa hadubini. Napenda punje za mikromita 2 hadi 4, vitundu vichache, navyo viwe kwenye pembe zinapokutana punje tatu.