Betri inaisha usiku? Pima kabla hujanunua nyingine

Corolla yangu ya zamani ilikuwa haiwaki asubuhi, nikaisingizia baridi ya Juni hapa Dodoma. Bure tu.

Zima kila kitu, toa funguo. Kwa spana namba 10 legeza waya wa hasi, uchomoe, kisha pitisha testa (multimita, kifaa cha kupimia umeme) kati ya waya huo na kichwa cha hasi cha betri, ikiwa kwenye ampea 10. Waya mwekundu wa testa nao uhamie tundu la 10A, wengi husahau hapo. Usijaribu kuwasha gari, utaunguza fyuzi ya testa.

Mlango wa dereva ukiwa wazi, bana swichi yake kwa utepe wa gundi ili taa ya ndani izime. Subiri nusu saa. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Yangu ilisoma 0.4! Chomoa fyuzi moja moja, mwenzako akiangalia testa. Ilishuka kwenye fyuzi ya taa za ndani. Kumbe taa ya buti ilikuwa inawaka usiku kucha, swichi imeshikwa na vumbi.

Fyuzi zote zikitoka na namba haishuki, kagua dayodi (vipitisha umeme upande mmoja tu) za alteneta, mashine inayochaji betri.